Nilisema Mbwa wa Babu Ana Mugiro, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Naliweka hapa mbele kabisa, msije mkafika katikati mkaanza kumlaumu mzee, au mchungaji, au mbwa. Babu yangu amekuwa mzee wa kanisa tangu mama yangu akiwa msichana wa shule. Leo si mzee wa kanisa tena. Aliondolewa kwa ajili ya neno moja nililolitamka mimi. Nilijua limemwingia vibaya, nikaliacha liendelee kufanya kazi kwa sababu lilinifaa.

Mnisikilize hivyo hivyo, kama mtu mliyekaa naye jikoni.

Nafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi huku Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Chuo sikwenda. Kila ninachokijua nimekiokota kwenye karatasi za watu wengine. Wanafunzi wakileta kazi zao nizichape, mimi huzisoma zote hadi mwisho: ukulima, sheria, magonjwa ya mifugo. Na mimi ni mtu wa kurudia kazi! Nikiona herufi moja imekosewa kwenye ukurasa wa arobaini, nauchapa upya hata kama mwenyewe amesema hajali. Usiku nalala nikiiona ile herufi.

Kiswahili nacho nilijifunza hivyo hivyo, kwa kamusi moja kuukuu isiyo na jalada. Nikaanza kuwasahihisha watu. Nikisikia mtu akisema neno la kuazima wakati lipo la Kiswahili, mwili unaniwasha. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililoniponza.

Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Laare, katikati ya mashamba ya miraa. Babu anaishi huko. Nyanya alishafariki. Anayempikia ni Mama Kinya, jirani wa lango kwa lango, ambaye kuku wake huwafuga kwenye banda lililo kwa Babu kwa sababu kwake hakuna nafasi. Yupo pia binamu yangu Mutwiri, mchumaji wa miraa na mwenye pikipiki, mtu mzima ambaye hajawahi kunyamaza dakika tano.

Halafu kuna Sajini, mbwa.

Sajini alikuwa wa ndugu yake Babu, yule tuliyekuwa tukimwita Babu Mdogo. Alipokufa, mbwa akavuka mpaka wa shamba peke yake, akaja akalala mlangoni kwa Babu. Mtu hakumwita. Babu akampa ugali, na kuanzia siku hiyo wakawa kitu kimoja. Mzee akienda kukagua miti, mbwa nyuma yake. Mzee akienda kanisani, mbwa anangoja nje chini ya ukuta mpaka baraka.

Baada ya miezi michache Sajini akaanza kujikuna. Si kujikuna kwa kawaida kwa mbwa! Alijikuna mpaka akalia. Alijitafuna mgongo juu ya mkia mpaka manyoya yakaisha pakabaki ngozi nyekundu yenye unyevu. Alilamba miguu mpaka manyoya meupe ya vidoleni yakawa rangi ya kutu. Masikio yalinuka. Nilipokwenda nyumbani Jumamosi moja nilimkuta Mutwiri amempaka oili chafu ya pikipiki mwili mzima.

“Hiyo ndiyo dawa,” akaniambia. “Hata babake babu alitumia.”

“Babake babu alikuwa na pikipiki?”

“Wewe ndiye uko karibu na chuo. Leta dawa basi!”

Mbwa alikuwa ameilamba ile oili na alikuwa akitapika. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande mara tatu, nikilia. Jirani mwingine akashauri tummwagie ile dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, bila kuipima. Nikakataa. Hadi hapo sikuwa nimekosea popote, na naomba mnipe hicho kidogo, kwa sababu sitakuwa na kingine.

Nikarudi Nchiru nikasoma. Nilisoma kama mtu aliyewekewa mtihani. Nikajua kwamba mbwa naye, kama binadamu, mwili wake unaweza kukataa kitu ambacho wenzake hawakijali. Kinaweza kuwa mate ya kiroboto, au vumbi na majani, au chakula. Nikaandika yote kwenye daftari la kurasa mia moja na ishirini, nikapiga mistari kwa rula.

Jumamosi iliyofuata nikampekua Sajini kutafuta viroboto. Sikuona hata mmoja. Basi, nikafuta viroboto kwa rula na kalamu nyekundu! Nikaamua ni chakula. Ile sehemu ya juu ya mkia nilikuwa nimeichora vizuri kabisa kwenye daftari, na kivuli nimeweka, lakini sikujiuliza kwa nini ni hapo na si kwingine.

Nikamketisha Babu uani. Mama Kinya alikuwa akichagua maharagwe, Mutwiri akisafisha pikipiki.

“Babu, nimejua shida ya Sajini.”

“Sema, mwari.” Huniita hivyo, binti.

“Ni aleji!” akasema Mutwiri. “Hata mimi naijua. Mke wa bosi wangu ako na aleji ya samaki.”

Mwili ukaniwasha. “Si aleji. Neno la Kiswahili ni mzio.”

“Mzio ni nini?” akauliza Babu. Kiswahili chake ni cha Biblia na cha sokoni, na neno lile haliko katika vyote viwili.

Hapo ndipo ningesema tu kwamba mwili wa mbwa umekikataa chakula. Watu wote wangeelewa. Lakini nilitaka neno! Nilitaka neno moja safi, la Kimeru, lugha yetu, linalolingana. Kamusi yangu kuukuu ilikuwa imeniambia kwamba mzio ni kitu ambacho mtu amekatazwa asile, mwiko wake. Na mwiko kwetu unaitwa nini? Nikatabasamu kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono wa kwanza darasani.

“Ni mugiro, Babu. Sajini ana mugiro. Chakula anachokula hapa kwako ndicho kinachomdhuru.”

Mama Kinya akaacha maharagwe. Babu akamtazama mbwa, akatazama upande wa shamba la marehemu ndugu yake, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Hapa kwangu?”

“Ndiyo. Hapa kwako. Imeandikwa.”

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, nieleze. Mugiro si ugonjwa wa ngozi. Mugiro ni katazo. Ukilivunja, jambo baya linakuandama wewe na nyumba yako mpaka liondolewe kwa utaratibu wake, na wazee, na damu ya mnyama. Sisi ni watu wa kanisa na mambo hayo hatuyasemi. Lakini kutoyasema si kutoyaogopa.

Mimi nililijua neno kwa maana ya kamusi. Wao walilijua kwa maana ya nyumbani.

Nikatoa masharti yangu. Kwa wiki nane Sajini atakula nyama ya sungura na viazi vitamu, na maji. Hatapewa ugali, githeri ya mahindi na maharagwe, maziwa wala mfupa wa jirani. Nikiona ngozi imepona tutamrudishia chakula cha zamani kimoja kimoja tuone ni kipi kinamwasha. Ni njia ya kweli, inatumika, sikuitunga. Sungura nilikuwa nikimchemsha Nchiru na kumpeleka kila Jumamosi kwenye mikebe.

“Mbwa anakula sungura,” Mutwiri akalalamika, “na mimi nakula githeri isiyo hata na kitunguu. Nikifa nirudi nikiwa mbwa wa huyu mzee.”

Wiki ya kwanza ikaharibika. Mchumaji mmoja alimtupia Sajini kipande cha chapati. Siku mbili baadaye alipatikana na mfupa, na mwenye kuutupa hakujulikana. Nikawapigia simu, nikafoka mpaka wanafunzi waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi wakanyamaza. Nilichana kurasa za wiki ile zote kwenye daftari. Sikutaka hata alama ya kosa ionekane!

Wiki ya pili Mutwiri akanipigia.

“Wewe, umefanya nini huku?”

“Nimefanya nini?”

“Hakuna mtu anamgusa huyo mbwa! Mama Kinya amemfukuza hapo anapolala, chini ya banda la kuku. Anasema mayai yake yakijulikana yametoka mahali pa mugiro, atamwuzia nani? Babu amemjengea kibanda kule mwisho wa shamba, karibu na mpaka.”

“Mugiro gani? Mimi nilisema—”

“Ulisema mugiro. Nilikuwa hapo. Na wewe hukujua mambo ya Babu Mdogo?”

Sikujua. Akanieleza. Babu na ndugu yake waligombana juu ya mpaka, miaka mingi kabla sijazaliwa. Na katika hasira ile Babu Mdogo aliapa mbele ya watu kwamba hakuna kitu chake chenye uhai kitakachokula katika nyumba ya ndugu yake, na kikila, kitaoza. Hawakupatana tena. Babu aliingia nyumba ya ndugu yake siku ya mazishi tu.

Na mimi nimekuja na daftari langu nikamwambia kwamba mbwa wa ndugu yake anaoza kwa sababu ya chakula alichokula kwake!

Nilikaa juu ya rimu ya karatasi.

“Sasa nimwambie Babu umekosea neno?” Mutwiri akauliza. “Niko naye karibu. Nimwite?”

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu ungamo langu lote ni hapa. Niliuliza swali moja kabla ya kujibu. Niliuliza, “Kuna mtu amempa mbwa chakula kingine wiki hii?”

“Nani atathubutu? Hata mfupa wa kuku unazikwa!”

Basi nikaona daftari langu. Nikaona wiki saba zilizobaki, safi, bila chapati, bila mfupa. Nilichoshindwa kukipata kwa kufoka, neno lile lilikuwa limenipatia bure. Tena, nikisahihisha, nitasahihisha mbele ya Mama Kinya, na Mutwiri atacheka mpaka Laare mjini, akisema yule anayesahihisha Kiswahili cha watu wote hajui hata maana ya neno la kwao. Wakati huo walikuwa wameanza kuniita daktari. Nilipenda. Mungu anisamehe, nililipenda jina hilo.

Nikamwambia Mutwiri, “Wacha kwanza. Nitamweleza mwenyewe nikija.”

Nilikwenda Jumamosi hiyo. Sikumweleza. Nikajiambia, wiki ya tatu. Nikajiambia, akipona nitawaeleza wote pamoja na watafurahi. Mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili huwa na ahadi kamili kabisa za kesho.

Na mbwa akaanza kupona! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wiki ya nne hakulia tena. Wiki ya sita manyoya membamba kama ya kifaranga yalikuwa yameota juu ya mkia. Nilikuwa nikihesabu mara anazojikuna kwa robo saa, na idadi ilishuka kila Jumamosi, nikachora mstari unaoteremka vizuri mno, nikaukazia kwa kalamu ya bluu. Nilimwonyesha mwanafunzi mmoja wa magonjwa ya mifugo aliyekuja kutoa nakala. Akasema, “Hii kazi ni safi kuliko yangu.” Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Sasa niwaambie nilichokiona na sikukiandika.

Niliona Babu hasalimii kwa mkono tena. Ukimsalimu “Muga!” anaitikia kwa mbali na mikono ameificha kwenye koti. Niliona amekonda. Niliona kila asubuhi anachoma majani ya migomba aliyolalia mbwa na kumwekea mapya, akipeleka chakula kwa fito ndefu yenye ndoano. Yule yule ambaye mbwa alikuwa akimlalia miguuni! Sajini alikuwa akijivuta kwa tumbo kumfikia, na Babu anarudi nyuma hatua moja, hatua moja. Wachumaji walikataa kupanda miti ya upande ule, na miraa ikakomaa mtini bila mtu. Na Jumapili moja nilipobaki nyumbani niliona, kwa macho haya, Meza ya Bwana ikipitishwa kwa wazee na Babu akitikisa kichwa ipite.

Baadaye nikamwuliza, “Babu, unaumwa?”

“Hapana, mwari. Endelea na kazi yako. Naona unaiweza.”

Ningesema wakati huo. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na mkebe wa sungura mkononi. Nikasema, “Zimebaki wiki nne tu, Babu.”

Wiki nne tu!

Jumamosi ya wiki ya nane nilipanda kwenda nyumbani na githeri kwenye mkebe badala ya sungura. Ilikuwa siku ya kuanza kujaribu vyakula. Nikamkuta daktari wa mifugo wa eneo letu, amekuja kumtibu ng'ombe wa Babu. Mama mmoja wa makamo, mwenye buti zilizojaa tope. Furaha iliyoje! Nilimkimbilia na daftari kama mtoto.

Alilisoma, kwa heshima, kurasa zote. Akatikisa kichwa polepole. Akafika kwenye mchoro wangu wa mgongo.

“Alianza kujitafuna hapa? Juu ya mkia?”

“Ndiyo, daktari.”

“Na wakati huo alikuwa akilala wapi?”

“Chini ya banda la kuku.”

Alikwenda kwenye banda, akapitisha karatasi nyeupe kwenye ufa wa mbao, akaniletea. Vitu vyeusi vilikuwa vikiruka juu ya karatasi.

“Viroboto.”

“Nilimpekua! Sikuona hata mmoja!”

“Mbwa mwenye shida hiyo anatosheka na kuumwa mara moja au mbili, halafu anajikuna wiki mbili. Anajitafuna mpaka anawameza wote. Utawaona wapi? Unatafuta uchafu wao kwa kichana chenye meno membamba, na unatafuta pale anapolala.” Akaligeuza daftari, akalifunga, akanirudishia. “Umeandika vizuri sana, msichana wangu. Lakini nani alimhamisha huyu mbwa?”

Nikamwangalia Mutwiri.

“Mugiro ulimhamisha,” Mutwiri akasema, akacheka peke yake. Kisha, kwa sababu hajui kunyamaza, akaongeza, “Na hiyo hesabu yako ya sungura, weka na mbuzi pia. Alikula nyama ya mbuzi kilo nzima ile siku ya kusafishwa.”

“Siku ya nini?”

Hapo akajua amekosea. Alitazama chini.

Wiki ya tano, siku ya kazi, mimi nikiwa Nchiru nikichapa, Babu alikwenda kwa mzee mmoja wa upande wa chini anayejua kuondoa mugiro. Mzee huyo akaja usiku usiku pale mpakani. Mbuzi akachinjwa. Babu akatamka maneno ya kupatana na ndugu yake aliyekufa, akapakwa damu, na mbwa akapewa nyama kutoka mkononi mwa Babu ili laana ya kula iishe. Mzee wa kanisa! Mtu aliyefundisha vijana wote wa Laare amri ya kwanza!

Tangu usiku ule Babu alimgusa tena mbwa wake, nami nilidhani ni kwa kuwa ameona ngozi inapona. Kwake yeye, Sajini alipona kwa mbuzi. Kwangu mimi, kwa sungura. Kwa daktari, kwa kutoka chini ya kuku na kuchomewa malalo kila asubuhi. Na hata hapo sina hakika, maana daftari langu lilikuwa limeharibika tangu wiki ya tano na mimi nikilipiga mistari! Baadaye tulimrudishia ugali, githeri, maziwa na nyama ya ng'ombe, kimoja baada ya kingine, na hakujikuna. Chakula hakikuwa na hatia yoyote.

Lakini hayo ni ya mbwa. Mbwa yuko salama. Nani ananiuliza kuhusu mbwa!

Kesho yake, Jumapili, mchungaji alisimama baada ya matangazo akasema wazee wamekaa mara mbili juu ya jambo la mwenzao aliyerudia mambo ya kale. Picha ya mbuzi ilikuwa imepigwa na simu ya mtu, ikazunguka. Akamwita Babu kwa jina lake la ubatizo. Akamwuliza mbele ya wote kama anajuta.

Babu akasimama. Koti lilikuwa linamning'inia.

“Nilipatana na ndugu yangu,” akasema. “Nikisema najuta, nitakuwa nimegombana naye mara ya pili.”

Akatolewa kwenye kiti cha wazee na kuzuiwa Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Akachukua kofia yake, akatoka kule mbele, akatembea mpaka benchi la nyuma karibu na mlango. Kanisa zima liligeuka kumtazama isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Mchana huo nikamweleza. Mwishowe! Alikuwa ameketi uani na Sajini amemlalia miguuni. Nilimwambia kuhusu aleji na mzio na kamusi. Nikamwambia neno nilikosea, kwamba ule haukuwa mugiro hata kidogo, ulikuwa ugonjwa wa kawaida wa ngozi, kwamba hapakuwa na laana wala haja ya mbuzi.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nikaona kama uso unaanza kufunguka, kama mtu anayepewa habari kwamba deni lake halikuwepo. Akasema, “Basi tutamweleza mchungaji. Ni kosa la lugha. Mtoto alikosea neno, mzee akaogopa. Hilo watalielewa.”

“Ndiyo, Babu.”

“Na wewe ulijua lini kwamba umekosea?”

Ningeweza kusema jana. Jana ingemtosha na ingenitosha. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu safi.

“Wiki ya pili.”

“Ya pili.” Akarudia kama anayejifunza kuhesabu. “Na mbuzi?”

“Wiki ya tano. Lakini sikujua habari za mbuzi, Babu, naapa.”

“Uliniona simgusi mbwa.”

“Ndiyo.”

“Uliniona kwenye Meza.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa ukingoja nini, mwari?”

Nikamwambia ukweli. “Nilitaka mtu yeyote asimpe mbwa chakula kingine.”

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Mutwiri alikuwa nyuma ya pikipiki yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu. Babu aliondoa kichwa cha mbwa taratibu juu ya mguu wake, akasimama.

“Usiende kwa mchungaji,” akaniambia. “Na huyu kijana asiende. Hilo naliomba, na ukitaka kunisitiri nisitiri hapo tu. Wakiniita mzee aliyerudi kwa mambo ya kale, sawa, hilo nililifanya mwenyewe, miguu yangu ilinipeleka, nilijua ninakwenda wapi na kwa ajili ya nani. Lakini sitaki waniite mzee aliyechezewa na mtoto wa mtoto wake ili apate kujaza daftari.”

Akaingia ndani.

Ndiyo maana sina jina hapa. Mnaweza kudhani naficha uso wangu. Natamani ningekuwa ninaficha uso wangu! Ningekwenda mbele ya kanisa leo na kupiga magoti mpaka yachubuke, lakini amenikataza, na ana haki ya kunikataza, na kila Jumapili ninayokwenda nyumbani naketi na kunyamaza kwa amri yake vile vile nilivyonyamaza kwa hiari yangu. Mchungaji hupita akamwuliza kama yuko tayari kutubu. Babu husema bado. Ukimwondoa Mutwiri, mimi ndiye pekee kanisani ninayejua ni nani ambaye bado.

Sasa nyinyi mnaosoma. Kama una mbwa anayejikuna, usimpake oili chafu, usimmwagie dawa ya ng'ombe bila kipimo, usimpe vidonge vyako mwenyewe. Tazama juu ya mkia. Tazama anapolala, na waliolala hapo kabla yake, kuku, paka, mbuzi. Choma malalo, wape wanyama wote dawa ya viroboto siku moja, na kama ngozi imetoa maji au usaha mpeleke kwa daktari kabla hujajifanya daktari. Chakula kibadilishe baada ya hayo, si kabla.

Na kama ulijifundisha mwenyewe kama mimi, jihadhari na siku mtu atakapokuelewa vibaya na kutokuelewa kwake kukakufaa. Siku hiyo hiyo fungua mdomo! Aibu ya neno moja inaisha jioni. Mimi niliingoja iwe na mahali pazuri pa kuwekwa, na imekaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, na kofia yake magotini.